Majumba ya Mji Mkongwe kuwa hoteli: ndiyo kuhifadhi huku?

Kibaraza: Nauliza kwa nia njema. Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililokuwa na ofisi za serikali, tangu 2015 ni hoteli ya kifahari, na ubavuni likaongezwa jengo jipya mpaka UNESCO wakalalamika. Lile lililokuwa la simu za nje, pale uwanja wa Kelele, Shangani, hoteli tangu miaka ya tisini. Wasanifu wanasema jengo lisipopewa kazi mpya linakufa. Sawa, lakini kila kazi mpya iwe kulaza wageni? Zahanati ya Tharia Topan ilikarabatiwa na watu wa Aga Khan ikamalizika 1996, na haikugeuzwa hoteli.

Mzizimani: Mkuu, bora hoteli kuliko kifusi. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilikuwa makumbusho, na 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafa. Mmeachiwa jumba na Wareno, mmeshindwa kulitunza. Halafu wenyeji wenyewe ndio mnaopandisha simtangi juu ya dari za boriti, kisha mnalilia urithi.

Bint Kiponda: Wareno! Soma kwanza, kaka. Beit al-Ajaib kajenga Sayyid Barghash, 1883. Hata Ngome Kongwe hapo jirani ni kazi ya Waomani, kwenye kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Na hilo la simtangi limenichoma. Maji ya bomba yanatoka saa nane za usiku, yakitoka. Tuogee nini, urithi? Nyie wa Dar mliovunja jengo kongwe la Salamander mkasimamisha mnara leo mnatufundisha sisi kutunza nyumba?

Mzizimani: Salamander sikuvunja mimi, dada. Na Old Boma ipo, ya enzi za Sayyid Majid, unapita mbele yake ukishuka boti. Imekarabatiwa, sasa ni kituo cha urithi wa majengo. Hilo hulitaji.

Kibaraza: Jamani, nimeuliza hoteli.

Fundi Chokaa: Simtangi lina makosa, tusemeni kweli. Lita elfu moja ni tani nzima, na unaliweka katikati ya chumba. Boriti ya mkoko haivuki mbali, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba. Ncha zake zimelala ndani ya ukuta. Tangi likivuja, ukuta unarowa, ncha inaoza kimyakimya. Wewe uliye chini unaona unga mweupe tu kwenye kitanda, unafagia, unalala.

Lakini mnalipigia kelele tangi, mnaiacha saruji. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji, maji na chumvi havina pa kutokea, vinaila chokaa ndani. Nimewahi kugonga lipu ya namna hiyo kwa mpini wa nyundo: ikalia kama mtungi mtupu. Nje rangi safi kabisa!

Kibokoni Hasa: Yakhe, mwagombania tangi? Huku Mombasa twaliweka chini, twasukuma kwa pampu.

Bint Kiponda: Na umeme ukikatika?

Kibokoni Hasa: Twangoja.

Mzizimani: 😂 Nimecheka, ila fundi, chokaa inachukua muda. Uchome, uizime, uiache wiki na wiki ikae. Mwekezaji gani atasubiri?

Fundi Chokaa: Jumba limesimama zaidi ya miaka mia, mwekezaji ashindwe kusubiri wiki? Basi ajenge Mbweni.

Mpangaji wa Juu: Nasoma huku nacheka kwa uchungu. Nyumba yetu ina ghorofa tatu, familia sita, mwenyewe yuko ng'ambo, anayejulikana ni mpokea kodi. Choo cha juu kinavuja kwenye ngazi. Tukichangishana tununue saruji tunaambiwa tunaharibu urithi. Tukiomba chokaa na fundi, kimya. Siku atakapokuja mwenye hela ya hoteli, atatengeneza kweli, tena vizuri, kwa boriti mpya na chokaa. Sisi tutakuwa tushahamia Fuoni. Msinifanye nichague baina ya kifusi na hoteli, mimi nataka choo.

Kibaraza: Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Bint Kiponda: Hukutaka kufika popote, ulitaka kuwasema wawekezaji. Fundi, sasa tangi tuliweke wapi?

Fundi Chokaa: Juu ya ukuta mnene, kwenye pembe, na dogo. Mapipa mawili mbalimbali ni bora kuliko simtangi moja. Na bomba la kumwagika litoke nje, lisimwagie dari.

Mzizimani: La lita mia tano linauzwaje huko? Mama mkwe wangu yuko Malindi hapo Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kaniagiza.

Bint Kiponda: Ahaa! Malindi sehemu gani?