Naombeni ushauri: msimamizi anasema pendekezo langu la utafiti ni hadithi tu

Mdadisi wa Tabia
Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya pili ya saikolojia. Pendekezo langu linasema hofu ya nyoka tumeirithi kutoka kwa mababu walioiogopa hatari hiyo wakanusurika. Msimamizi kalirudisha, pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Hadithi nzuri. Utaipimaje?" Siku ya tatu leo nayatazama maneno hayo. Naipenda mada hii tangu nilipojua kuwa Darwin mwenyewe, mwasisi wa nadharia ya mageuzi, mwaka 1859 alitabiri saikolojia itajengwa juu ya msingi mpya. Niiache?

Mzee wa Maabara
Usiiache, mwanangu, ila swali lake lijibu. Mwaka 1979 Gould na Lewontin waliwakosoa wanabiolojia wenzao kwa kosa hilihili: kuiona sifa ya kiumbe, kisha kuitungia faida.

Soma jaribio la Garcia na Koelling la 1966. Panya walikunywa maji yenye ladha, na kila walipolamba, taa iliwaka na sauti ikalia. Kisha wengine wakauguzwa, wengine wakapigwa shoti ya umeme. Baadaye ladha ikapimwa peke yake, mwanga na sauti peke yake. Waliokuwa wameuguzwa waliikwepa ladha. Mwanga na sauti havikuwashtua. Waliopigwa shoti ya umeme wakafanya kinyume. Zama hizo wengi waliamini mnyama anaweza kuhusisha chochote na chochote. Kumbe tumbo huushuku mdomo! Ule ulikuwa utabiri ambao ungeweza kushindwa, na wako uwe hivyo.

Binti Mtafiti
Pole ndugu yangu, nami niliwahi kukwama hapohapo. Kilichonitoa ni kazi ya Cook na Mineka, 1989. Kima waliokulia maabara walionyeshwa video ya mwenzao akiwa na hofu. Wengine waliona anamwogopa nyoka bandia. Kwa wengine video ilihaririwa ionekane anaogopa maua. Wa nyoka wakaanza kuogopa, wa maua wala.

Angalia basi: kima hao hawakuzaliwa na hofu. Walizaliwa na wepesi wa kujifunza hofu fulani. Hiyo ndiyo sentensi inayokosekana kwako, maana wepesi unapimika.

Mpima Hoja
Naongeza moja. Usilinganishe nyoka na maua pekee, weka na bunduki. Bunduki ni hatari, tena tunaonywa juu yake, lakini mababu zetu hawakuijua. Hofu yake ikijengeka haraka na kudumu sawa na ya nyoka, maelezo yako yamepata pigo, na uliandike hivyo bila kulificha.

Mdadisi wa Tabia
Mzee, dada, mkuu, asanteni sana. Hilo la bunduki limenikosesha usingizi kwa furaha. Nimeandika upya: "Hofu ya picha ya nyoka itachelewa kufutika kuliko ya picha ya bunduki, zikifutika sawa, nadharia tete hii imeanguka." Kesho asubuhi nampelekea.