Neno "dord" katika dikisionere kubwa: nani amekwisha kulisikia?

Mtu wa Duane: Jambo wakubwa. Nafanya kazi ya duane, yaani forodha, Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na Kiingereza changu ni cha madereva: tani ngapi, karatasi ziko wapi, mpaka unafungwa saa ngapi. Juzi, soko la Kenya hapa Lubumbashi, nimekuta Webster ya 1934, dikisionere kubwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya 3,000, mgongo umeliwa na mende. Dola 15. Mama watoto aliuliza kama nimenunua tofali.

Nilitaka maneno ya kazi. Sasa kila usiku, umeme ukiwepo, nafungua popote tu. "Borborygmus" ni tumbo kunguruma. Kumbe Kifaransa nacho kina borborygme, sikuwahi kujua. "Callipygian" ni mwenye makalio mazuri. Hilo nilimsomea mama watoto, akanifungia kitabu.

Shida iko herufi D. Kuna neno "dord", maana yake densite, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Fupi, tamu, nikalishika. Dereva Mzambia akaja na tanki la asidi ya salfa, nikamuuliza dord yake ngapi. Akaita wenzake waje kunisikiliza. Wote wanaapa neno hilo haliko. Nimerudi kuangalia: maneno mengine yanaonyesha yametoka Kilatini au Kigiriki, hili halionyeshi kitu. Nani amekosea, wao ao Webster?

Mlinzi wa Vitabu: Webster, yaya. Na jicho lako ni la mhariri kabisa, maana mwaka 1939 mhariri mmoja wa kamusi hiyo hiyo alishtuka kwa sababu hiyo hiyo: neno halina asili. Wakafukua karatasi za zamani. Mtu wa kemia alikuwa ameandika "D or d", yaani D kubwa ao d ndogo, kuwa ni kifupisho cha densite. Karatasi ikaingia katika rundo la maneno badala ya rundo la vifupisho, herufi zikasomwa kwa pamoja, "dord" ikazaliwa. Ilipita mikononi mwa watu wangapi mpaka kuchapwa! Usiuze kitabu hicho.

Mwalimu Katuba: Kwa kazi ya mpakani kamusi ndogo ingetosha, nasema kweli. Lakini nami nina langu: "petrichor", harufu ya mvua ikigusa udongo mkavu. Webster yako haina, kwa kuwa wanasayansi wawili wa Australia walilitunga mwaka 1964. Oktoba, mvua ya kwanza ikipiga vumbi jekundu la Katuba, nalisema peke yangu mlangoni. Watoto wananiangalia tu.

Mtu wa Duane: Aksanti sana. Dereva yule anarudi Ijumaa, nitamwomba msamaha. Mama watoto amesikia kwamba kitabu kina kosa, anataka nirudishiwe dola 15. Nimemwambia ni kosa hilo ndilo limepandisha bei.