Jigi yangu inafelisha bodi nzima: pini za springi zimechoka au mimi ndiye nimekosea?

Fundi_Taa
Wakuu habari za jioni. Tuna karakana ndogo Arusha, tunaunga bodi za kudhibiti chaji ya sola, kama 60 kwa siku. Jigi ya kupimia, yaani kifaa cha kubana bodi na kuipima, nilijitengenezea mwenyewe: kipande cha akriliki, pini za pogo (zile zenye springi ndani) 22 aina ya P75 zenye ncha ya mkuki, na mkono wa kukandamiza bodi kwa juu. Miezi minne imepiga kazi bila kelele. Tangu wiki iliyopita bodi inafeli, naiinua, naibana tena, inapita! Juzi niliweka pembeni bodi 9 kama mbovu, nikazirudia kwa mkono moja moja, 8 ni nzima kabisa. Bosi ananiangalia kwa jicho nisilolipenda. Ninunue pini zote upya? Jamaa mmoja kaniambia nipulizie mafuta ya kutoa kutu.

Kibatari
Pulizia tu mkuu. Mimi redio zangu zote napulizia, kitu kinateleza kama samli.

mama_saketi
Kibatari, usimpoteze mwenzio. Mafuta yakiingia kwenye kibomba cha pini yananasa vumbi na fluksi (ile dawa ya kulehemia), baada ya siku chache ni tope, pini ikishuka hairudi.

Fundi, angalia ilivyo ndani. Kuna kichwa kinachoshuka, kibomba, na springi. Springi kazi yake ni kusukuma, si kupitisha umeme. Umeme unatakiwa uingie kwenye ncha, kisha utoke pale ubavu wa kichwa unapogusa ukuta wa kibomba. Ndiyo maana pini nyingi kitako cha kichwa hukatwa mshazari: springi ikisukuma, kichwa kinaegemea upande mmoja. Hapo ubavuni pakichafuka, umeme unalazimika kupita kwenye springi yenyewe, ambayo ni kiwaya chembamba. Inapata moto, inalegea, halafu ndiyo unaanza kuona hayo ya "bana tena inapita".

Usipime kwa omu za multimita, waya zake zenyewe zitakudanganya. Bana kipande cha shaba tupu badala ya bodi, pitisha ampea 1 kwenye kila pini, soma milivolti kutoka kwenye shaba hadi mkiani mwa pini. Milivolti 40 ni miliomu 40. Na hizo pini za njia ya betri zinabeba ampea ngapi?

Fundi_Taa
Dada, umenishika pabaya. Zinabeba 8.

Nimepima. Pini 20 zote ziko chini ya miliomu 90. Mbili za betri zinacheza, mara 400, mara 3000, nikigusa meza inabadilika. Moja nikiibonyeza kwa ukucha inabaki imezama nusu. Nimeangalia kwa lenzi, ncha karibu zote zina ukoko wa kahawia, na dhahabu ya kileleni imegeuka kijivu.

mama_saketi
Kahawia ni fluksi. Kijivu ni bati la kwenye risasi ya kulehemu limehamia juu ya dhahabu. Brashi laini na alkoholi ya isopropili, ncha zikiangalia chini ili uchafu usiingie ndani. Msasa usiguse, dhahabu ni tabaka jembamba mno. Hizo mbili tupa. P75 wauzaji huandika ampea 3, wewe ulikuwa unaichoma. Njia ya betri weka P100 (pini nene zaidi) kadhaa sambamba, halafu pini ndogo ya pembeni ya kusomea volti tu, isiyobeba mzigo.

mtu_wa_pwani
Naongezea kidogo. Nilifanya mafunzo ya vitendo Penang, Malaysia, kwenye kupima chipu. Kule hawasubiri pini ianze kufelisha. Mashine inahesabu soketi imeguswa mara ngapi, ikifika idadi inasafishwa, hata kama inaonekana nzima. Bodi 60 kwa siku kwa miezi minne si mchezo, mkuu, hesabu mwenyewe. Na usikandamize hadi mwisho, theluthi mbili ya safari ya pini inatosha.

Fundi_Taa
Mkono wangu ulikuwa unagonga hadi mwisho kabisa, nilidhani kubana sana ndiyo kugusa vizuri. Kibaya zaidi nilizilehemu waya moja kwa moja kwenye pini, kuing'oa moja ni nusu saa.

mama_saketi
Pole. Kuna vibomba vya kuchomekea, R75. Waya unalehemu kwenye kibomba hicho, pini nzima inachomekwa ndani yake na unaichomoa kwa koleo.

Fundi_Taa (baada ya siku 6)
Mrejesho: vibomba nimeweka, P100 nne kwenye kila upande wa betri, kizuizi cha mbao chini ya mkono. Leo bodi 60, imefeli moja, na hiyo kweli transista imewekwa kinyume.

Kibatari
Sasa redio zangu nazioshaje?