Bi mkubwa anapewa prednisoloni kila kifua kikibana, hii ni sawa kweli?

Mtoa mada: Wakuu habari zenu. Bi mkubwa wangu ana miaka 64, sigara hajawahi kugusa ila kapikia kuni tangu binti, hospitali walimpulizisha kwenye mashine wakasema COPD (ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa zinabana). Shida yangu ni hizi prednisoloni (vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe kwenye mapafu), kila akibanwa anakimbizwa zahanati anapewa za siku tano, wiki mbili mbele anabanwa tena anapewa nyingine, siku ingine dada anamnunulia tu duka la dawa. Juzi nimefika home nimemkuta uso umekuwa duara, mikono ina michubuko, sukari 14. Nataka nizitupe zote leo leo.

kifuachangu: Tupa mkuu, steroidi hizo ni sumu, mpe tangawizi na asali

dirishani_famasi: USITUPE. Mtu aliyemeza kozi za kufuatana hivyo, tezi zake za juu ya figo zinakuwa zimelala, ukikata ghafla presha inaweza kushuka akazimia, kupunguza ni kazi ya daktari. Na hiyo sukari 14 apelekwe kesho, sio wiki ijayo. Dozi yenyewe wala haina kosa, miligramu 40 kwa siku 5 (vile vidonge vya 5 ni vinane asubuhi, ameshakula) ndo mwongozo, zamani walikuwa wanapewa wiki mbili mpaka utafiti wa Uswisi wa 2013 ukaonyesha siku 5 zinatosha. Tatizo kila anayemwandikia anaona shambulio la siku hiyo tu, hakuna anayejumlisha. Kusanya vyeti vyote uende navyo.

Mtoa mada: Duh. Nimehesabu vyeti, kozi 7 tangu Januari, za dukani sijui. Pampu anayo ile ya bluu tu.

nesi_wa_zamu: Ya bluu inafungua kifua kwa muda mfupi basi, COPD inataka na ya kutanua inayokaa masaa 12 au 24. Ya kuvuta yenye steroidi si ya kila mtu, muulize daktari kama anaweza kumpima eosinofili (aina ya seli nyeupe) kwenye damu, zikiwa chini ya 100 haimsaidii sana na nimonia inakuwa karibu, 300 kupanda ndo inalipa. Halafu mwambie avute mbele yako uone, wengi wanapuliza mdomoni kama pafyumu

Mtoa mada: Nimemwambia avute sasa hivi. Anabonyeza kwanza, anafunga mdomo, ndo anavuta kwa pua 😭 nikaichukua nikabonyeza hewani, haitoi kitu, anasema ni ile ile ya tangu Pasaka