Fonti ya pikseli kwenye gemu ya simu: herufi zina ukungu na maneno hayaenei

fundi_wa_gemu:
Wakuu habari zenu. Natengeneza kagemu ka simu ka mtindo wa kizamani, maandishi yote Kiswahili, nimeweka fonti ya Press Start 2P saizi 18 ila herufi zinatoka na ukungu, mistari mingine minene mingine myembamba, na "Bonyeza popote kuendelea" inakatika pembeni ya skrini. Nibadili fonti au ni setingi?

miraba8:
Anza na saizi mkuu. Hiyo fonti imefuata herufi za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 80, kila herufi inakaa kwenye kisanduku cha pikseli (vile vinukta vya skrini) 8 kwa 8, so saizi zake ni 8, 16, 24, 32, ukiweka 18 pikseli moja ya fonti inabidi iwe 2 na robo za skrini na hapo ndo ukungu unapotokea. Zima pia ile setingi ya kulainisha kingo. Kuhusu kuenea piga tu hesabu: skrini ya upana wa pikseli 360 kwa saizi 16 inabeba herufi 22, maneno yako na nafasi zake ni 24. Andika "Gusa kuendelea", ni 14 na mtu anaelewa vilevile.

bi_herufi:
Naongezea hapo, maana hili wengi hawaliangalii. Kiswahili kimejaa m na w, mwalimu, mwendo, mmoja, na hizo ndo herufi zinazoteseka kwenye kisanduku cha 8. Ukitoa pikseli moja ya kutenganisha zinabaki 7, sasa m ndogo ina miguu mitatu, ukiipa kila mguu unene wa 2 ni 6, na mapengo mawili inakuwa 8, haiingii! Lazima mguu mmoja ukondeshwe. Halafu i inapewa upana uleule wa m, na kwenye ng'ombe ile alama ya juu inachukua kisanduku kizima, neno linaonekana limekatika. Ndo maana naipenda sana fonti ya Chicago aliyoichora Susan Kare kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh ya 1984, ni pikseli tupu lakini kila herufi ina upana wake, na iPod ya kwanza ya 2001 ilikuja kuitumia, kwenye kioo kidogo kabisa, na ilisomeka vizuri.

miraba8:
Kweli dada, ila kwenye pointi na muda upana sawa unasaidia, namba zikibadilika hazichezicheza.

bi_herufi:
Hapo sawa kaka. Basi Press Start 2P ibaki kwenye jina la gemu na pointi, maongezi ya wahusika jaribu Pixelify Sans, upana wa herufi zake unatofautiana. Zote mbili ni za bure hata ukiuza gemu, ila faili la leseni liambatanishe.

fundi_wa_gemu:
Saizi 16 imekubali, ukungu umeisha kabisa! Nahamishia maongezi kwenye Pixelify sasa hivi, asanteni sana.