Siku ya sita baada ya kupandikizwa nywele: vigaga, kofia na kusujudu

Mkazi wa Ngamiani:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimepandikizwa nywele mjini Istanbul, nchini Uturuki, kwa njia ya kuchomoa shina mojamoja kisogoni na kulipanda mbele, juu ya paji la uso, ambako uwaraza ulinianza mapema. Juzi nimerejea Tanga, na leo ni siku ya sita. Karatasi ya maelekezo niliyopewa inamfaa mtu anayeshinda ndani penye kiyoyozi. Mimi jasho linanitiririka tangu saa tatu asubuhi, na shangazi yangu amekwisha kunitayarishia mafuta ya nazi yenye habasoda, akiniona mkaidi kwa kuyakataa.

Vigaga vidogo vyeusi, mfano wa ufuta, vimejaa kichwani na vinawasha hasa usiku. Leo alfajiri nimekuta kimoja juu ya mto kikiwa na unywele ndani yake, nikashtuka sana. Je, shina limeng'oka? Halafu ninasalije, ikiwa kusujudu kunagusisha mkekani mahali palepale palipopandwa? Ijumaa inakaribia, na sijawahi kwenda msikitini bila kofia.

Muuguzi mstaafu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nianze na hicho kigaga, maana ndicho kilichokutia hofu. Unywele unaotoka pamoja na kigaga, bila damu, kwa kawaida ni ule uzi wa juu tu, na shina lake limebaki ndani ya ngozi. Shina likichomoka kweli, mara nyingi utaona tone la damu mahali lilipokuwa. Kufikia siku ya kumi hivi mashina huwa yameshikamana vizuri na ngozi; kabla ya hapo usivute, usikune, wala usibandue kitu kwa kucha, hata pakiwasha kiasi cha kukukosesha usingizi.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe, na wengi huikosea kwa woga wa kugusa. Kichwa kisichooshwa hujenga gamba nene, na gamba nene hukaa muda mrefu na kuwasha zaidi. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha uyamimine polepole kwa kopo. Usisimame chini ya bomba lenye nguvu. Shampuu laini uliyopewa itoe povu kwanza kiganjani, uliweke povu juu ya vigaga kwa kugusagusa kwa ncha za vidole bila kusugua, uliache dakika chache, halafu umimine maji tena. Kisogoni unaweza kuosha kwa uhuru kidogo zaidi. Kausha kwa kugusisha kitambaa safi. Ikifika siku ya nane au ya kumi, kliniki ikikuruhusu, ndipo utaanza kuzungusha vidole taratibu, na vigaga vitalainika na kuanguka vyenyewe. Vingi huisha ndani ya wiki mbili.

Mwombe shangazi radhi kwa upole, lakini mafuta yasiguse kichwa hicho. Kila shina limepandwa katika tundu dogo la jeraha, na mafuta ya nyumbani hayakuandaliwa kwa ajili ya jeraha bichi. Yanaweza kuingiza vijidudu na kuichokoza ngozi. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukaona usaha, wekundu wenye joto unaosambaa au sehemu ya ngozi inayogeuka nyeusi, au ukapata homa, usingoje majibu ya hapa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na Bombo haiko mbali nawe.

Mwalimu wa madrasa:

Ndugu yangu, mgonjwa ana ruhusa. Kaa kitini, uiname kidogo kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sijida, bila kukigusisha kichwa chini, mpaka daktari akuruhusu. Katika udhu, kwa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wa pwani hii, kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa kunatosha, kwa hiyo chagua pahali ambapo upasuaji haukupagusa. Kofia si sharti la sala.

Mvuvi wa Raskazone:

Nilifanyiwa miaka miwili iliyopita, na ninakubaliana na waliotangulia. Kuhusu kofia, ile ya viua huwa inabana na husugua palepale mbele inapovutwa kichwani. Mimi niliiacha mpaka vigaga vilipokwisha, nikatembea na mwavuli, tena kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi na moja jioni. Kofia ngumu ya bodaboda ni mbaya zaidi, hivyo panda bajaji. Baharini sikuingia kwa mwezi mzima, jambo lililonigharimu kwa kuwa bahari ndiyo riziki yangu.

Ambalo hakuna aliyenieleza ni hili: kuanzia wiki ya pili au ya tatu, nywele zilizopandwa hupukutika karibu zote. Niliziona zikishuka pamoja na maji ya kuogea, nikalala siku mbili bila kula. Shina hupumzika, kisha huanza kuotesha upya kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya mwaka hivi. Kwa ngozi zetu, kichunguze pia kisogo mara kwa mara, kwa sababu sisi huwa wepesi wa kupata makovu yanayovimba. Ukihisi vinundu vigumu, muone daktari wa ngozi mapema, na usikubali kinyozi akupitishie wembe hapo.

Mkazi wa Ngamiani:

Nawashukuru nyote. Maji yamechemka na sasa yanapoa. Swali moja limebaki kwa mama muuguzi: usiku nalala chali kwa mito miwili, lakini paji la uso bado limevimba kidogo. Je, niendelee hivyo?

Muuguzi mstaafu:

Endelea hivyo usiku mbili tatu zaidi, kichwa kikiwa juu. Uvimbe huo kwa kawaida hushuka wenyewe, hata ukipita machoni kwanza. Usitumie aspirini wala ibuprofeni bila idhini ya daktari, paracetamol inatosha.