Gereji inafika nyuzi 30 chini ya sifuri: vijisanamu vyangu vitapona?

Mpaka_Rangi_YEG
Wakuu, habari za humu. Niko Edmonton, Kanada. Napaka rangi vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, vile vya sentimita tatu hivi. Ninavyo kama 200: vingi plastiki, vichache resini (ile plastiki ngumu ya kumimina kwenye kalibu), na kumi na viwili vya madini, vya zamani. Mama watoto anajifungua Januari, na chumba changu kimeshataifishwa. Kila kitu kinahamia gereji, ambayo haina hita.

Hofu yangu ni hii: baridi iliyopita nilisahau boksi kwenye buti la gari usiku kucha. Asubuhi nikaliingiza sebuleni, nikalifungua palepale. Kidogo tu, askari wote wanatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikamshika mpanda farasi wa resini, mkono na mkuki wake vikabaki mezani. Nifanyeje?

Babu_Sponji
Kaka, kosa lako lilikuwa kufungua boksi. Ukiliingiza ndani, liache limefungwa mpaka kesho yake. Jasho litatokea nje ya boksi, si juu ya askari.

Huo mkono uliubandika kwa supagluu, au siyo? Ikipata baridi kali inakuwa kavu kama biskuti, ukigusa tu inaachia. Plastiki uliyounganisha kwa gundi ya kuyeyusha haina shida hiyo, maana pale plastiki zimeshikana zenyewe. Za resini na madini chomeka kipande cha waya kwenye kiungo kabla ya gundi.

Mwana_wa_Temeke
Huku Dar sisi adui yetu ni jua. Niliacha joka la resini kwenye gari mchana, nikakuta upanga umepinda kama ndizi. Nikautumbukiza kwenye maji ya moto, nikaunyoosha, ukakaa sawa. Wewe wako ukivunjika umevunjika. Pole.

Mpaka_Rangi_YEG
Hahaha, asante kwa faraja. Na vya madini? Nimesikia bati linaoza kwa baridi.

Mkemia_Mstaafu
Ni kweli, ila ni bati safi. Likikaa chini ya nyuzi 13 linaweza kugeuka taratibu likawa unga wa kijivu. Vijisanamu vya madini kwa kawaida ni mchanganyiko wenye madini ya risasi au ya antimoni, na hizo huzuia jambo hilo. Vya risasi usivihifadhi kwenye kabati la mwaloni. Mvuke wa asidi ya mbao hizo ndio unaovitafuna, kuliko hiyo Januari yenu.

Mbona hujataja rangi za chupa? Akriliki ina maji. Ikiganda, ikiyeyuka unakuta mabonge kama maziwa yaliyokatika, hata uitikise vipi. Hizo zisikanyage gereji.

Babu_Sponji
Naam. Rangi ziweke chini ya kitanda. Askari wapange kwenye sponji wasigusane, tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, funga kifuniko, halafu usiliguse boksi mpaka baridi iishe. Kutoa na kurudisha kila wikiendi ndiko kunakopasua rangi, maana plastiki na rangi hazisinyai kwa kiasi kimoja.

Mpaka_Rangi_YEG
Nimeelewa. Chini ya kitanda kuna nepi, ila nitaongea na bosi. Resini zote nazibakiza ndani, juu ya kabati la vyombo. Nikitaka kupulizia rangi ya kwanza gerejini je?

Babu_Sponji
Subiri Mei.